Nyumba Inauzwa, Mwenyewe Hana Habari

Mimi ni wakili wa ardhi na majumba, na hasira zangu ziko karibu. Kinachonipandisha mori kuliko vyote ni mzee wa watu, mwenye heshima zake, anayeniambia, "Nipe hizo karatasi, wakili. Mke wangu atatia sahihi huko nyumbani."

Mzee mmoja wa Mji wa Kale aliniambia hivyo hivyo. Alikuwa anauza nyumba yake ya ghorofa, na mnunuzi, karani wa bandarini, alishakuwa tayari. Nilikuwa nimepekua hati katika ofisi ya ardhi nikaikuta safi. Hata kiwanja kilikuwa chake, jambo la kushukuru, maana kwetu Mombasa mtu huweza kumiliki kuta na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Kilichobaki ni idhini ya mke. Sheria inaitaka, na mimi nataka itiwe sahihi mbele ya macho yangu.

"Basi mlete ofisini," nikamwambia.

"Hawezi ngazi zako. Magoti yamuuma."

"Basi nitakuja mwenyewe."

Akakohoa. Mteja akikohoa namna ile, mimi huenda haraka zaidi.

Nilifika alasiri. Bibiye alinivuta mpaka ndani, akaniwekea kahawa ya tangawizi na mkate wa sinia. Akaniuliza hali ya mama, ya watoto, ya wakwe, hata ya jirani aliyekuwa mgonjwa mwaka uliopita. Mombasa huanzi shughuli kabla ya kikombe cha pili. Kilipomiminwa, nikauliza, "Mama, mwahama lini?"

"Twahamia wapi, mwanangu?"

Nikamtazama mzee. Mzee akatazama boriti.

Bibi hakupiga kelele. Aliinua sahani ya mkate aliyomwekea mumewe, akairudisha jikoni. Nimesimama mbele ya mahakimu wengi, lakini hukumu ya upesi kama ile sijaiona. Niliuma midomo nisicheke.

"Nimekutafutia nyumba Ganjoni," mzee akajitetea kwa sauti ya juu. "Ya chini, haina ngazi. Nalitaka nikupeleke tu, uone, ufurahi."

"Magoti ni ya nani?" ikauliza sauti ya jikoni.

"Yako."

"Na nani aliyeniuliza?"

Nikafunga mkoba wangu. Mlangoni mzee alininong'oneza kwamba mnunuzi atakimbia. Nikamwambia ni afadhali akimbie sasa kuliko ahamie, kisha mke aende mahakamani mauzo yavunjwe na wote watatu wapate hasara. Alinuna. Nilimhurumia, kwa kuwa nia yake ilikuwa mapenzi matupu.

Wiki zikapita kimya, nami nikajua shughuli imekwenda na maji. Kumbe wawili wale walikuwa wakienda Ganjoni. Bibi alifungua mifereji yote aone maji yanavyotoka, akapima jikoni kwa macho, akawauliza majirani kama maji hukatika. Asubuhi moja nikamwona mlangoni pa ofisi yangu, anahema, mzee nyuma yake amembebea mkoba.

"Nimeipenda," akasema baada ya kupumua. "Ya zamani tuuze. Lakini hati ya hiyo mpya andika majina mawili, langu na lake."

Mzee akageuka. "Kwani huniamini?"

"Nakuamini. Nyumba ile naliingizwa bi harusi, hakuna aliyeniuliza. Hino mpya nimeulizwa."

Mzee alimsogezea kiti karibu na meza yangu, akampa miwani yake mwenyewe, naye bibi akasoma kila ukurasa, bila haraka, kabla ya kutia sahihi. Nilifurahi hata nikamsahau mteja aliyekuwa akisubiri nje.