Kesho Tumupigie Yaya Kabamba Filimbi

Siamini bado, bandugu. Yaya Kabamba, mukubwa wetu, ametutoka leo asubui, hapa Kamina. Juzi tu alinigombeza ati kahawa yangu haina nguvu!

Munivumilie, naandika na kidole kimoja, na macho inatoa maji.

Batoto ba sasa munamujua muzee wa kofia na fimbo. Minyi nilimujua kijana, mu myaka ya 1950, mbele ya uhuru. Yeye alikuwaka mekanisien, anaendesha mashini ya moshi ya treni ya kwenda Kaniama. Minyi nilikuwaka nyuma yake, natupa makala mu moto. Jasho, bandugu!

Kila mara tukirudia na kukaribia Kamina, alikuwaka anavuta filimbi ya mashini, murefu. Mama yake akiisikia, anaweka maji ya bukari, ugali wetu, ku moto. Tukifika kwake, bukari iko tayari, na samaki ya Kinkondja pembeni. Minyi nilikulaka mingi kuliko mutoto wake.

Kisha ile mama akafariki, shiye tukiwa Kaniama. Tuliporudia, tulikuta bameshamuzika. Makaburi iko pale pembeni ya reli, munaijua.

Safari yenye ilifuata, mashini ikafika pale, Kabamba akavuta filimbi. Murefu, sawa zamani.

Nikapiga kelele: "Yaya! Unaita lufu?" Lufu njo kifo, kwetu Baluba. Minyi nilikuwaka naogopa makaburi kabisa. Tukipita pale, naangalia makala tu.

"Lufu haingojee kuitwa," akajibu. "Minyi nasalimia mama."

Chef wetu wa kazi, muzungu, akamwita. "Juu ya nini unapoteza mvuke? Pale treni haisimame, hakuna gare, hakuna muntu."

Kabamba akavua kofia. "Chef, pale kuko bantu mingi kuliko ku gare. Na siku yako weye, unataka nipite kimya?"

Aye, Vidye Mungu wangu! Nilijua kazi imekwisha. Chef akaangalia viatu vyake, akaenda. Hakuuliza tena.

Mwaka uliofuata, bibi yangu wa kwanza, Feliciana, akakufa na mimba yake, tukamuzika pale pale. Siku ine sikukula kitu. Nikarudi ku kazi sawa gunia tupu.

Tulipofika makaburi, Kabamba akaachilia kamba ya filimbi. "Vuta weye."

"Siwezi, yaya."

"Vuta. Yeye anangojea mukono wako, si wangu."

Nikavuta. Nililia mupaka sikuona tena makala iko wapi. Yeye mwenyewe, mekanisien muzima, akakamata koleo na kutupa makala mu nafasi yangu. Akasema bila kuniangalia: "Reli inapita hapa, ndugu. Hatuwezi kuipindisha. Tusalimie, kisha tuendelee."

Ile mangaribi nilikula.

Ningependa kusema tangu pale sikuogopa tena. Uongo! Ninaogopa hata leo. Lakini sigeuze tena uso.

Mwezi uliopita nilimutembelea. Akaniambia: "Siku yangu ikifika, unisalimie." Nikamucheka: "Na mashini iko wapi, muzee?"

"Utatafuta."

Nikamupa mukono, nikakubali.

Sasa nitafute wapi? Kesho njo tunamuzika pale pembeni ya reli, na hakuna treni yenye itapita. Leo muchana nilijaribu kupiga muluzi na mudomo. Meno imebaki tatu. Upepo ulitoka, sauti hapana. Bibi yangu wa sasa akacheka, kisha akalia.

Kwa hiyo, bandugu ba Kamina, naomba. Kesho kisha misa, mukuye ku makaburi. Mwenye anajua muluzi, akuye. Mwenye iko na filimbi ya mupira, alete. Nikiinua fimbo, mupige pamoja, murefu, mupaka pumzi iishe. Nilimupa neno langu, na peke yangu sitaweza.

Yaya, kesho ukisikia ile kelele mubaya, usishituke. Ni shiye. Aksanti kwa ile kamba, na kwa ile koleo.

Mama yako ameshaweka maji ku moto. Kula kwanza, kisha ulale salama.