Kuku Walifungiwa, Paka Hawakuwa wa Mtu

Nyuma ya mashine ya kusaga, hapa kwetu Nyamwaga, palikuwa na paka watano wasio na mwenyewe. Nilianza kuwalisha mwaka niliostaafu ualimu, kila asubuhi ugali wa jana na dagaa kidogo. Watu walinicheka. Jirani yangu, mama mzee mwenye ghala kubwa kuliko yote mtaani, aliniuliza kama nimekosa wajukuu wa kulea. Nikamjibu kwamba wajukuu wangu hawakamati panya. Nilikuwa na jeuri ya mtu anayejiona anatenda wema.

Baada ya mavuno panya walijaa. Hapa mtu akitaka kuweka sumu hupita kwanza nyumba kwa nyumba kutoa taarifa, na jirani yangu alipita, akikongoja na fimbo yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo naweka dawa ya panya ghalani. Fungia kuku, na mbwa wako mfunge."

Nikafungia kuku. Nikamfunga mbwa. Nikajisifu moyoni kwamba mimi ni jirani msikivu. Paka hawakunijia akilini hata kidogo, maana taarifa ile huwa ni ya mali za watu, nao hawakuwa mali ya mtu. Hilo sijajisamehe mpaka leo. Mama mzee simlaumu. Sumu aliichanganya na dagaa kama kila mtu afanyavyo. Mimi ndiye niliyewafundisha paka wale kwamba dagaa waliowekwa chini na binadamu ni chakula chao.

Asubuhi nilikuta watatu wamekakamaa kando ya ukuta. Wa nne, jike mwenye mimba, alikuwa bado anatetemeka, povu mdomoni. Nilimnywesha maziwa, yakamtoka puani. Nikamfunga kwenye kanga, nikapanda bodaboda, nikamwambia dereva akimbize. Aliposikia nimebeba nini alicheka, kisha akanitazama usoni, akaongeza mwendo.

Bwana mifugo tulimkuta joshoni akiogesha ng'ombe. "Mwalimu, paka? Mimi dawa niliyonayo ni ya ng'ombe." Nikamsihi. Nikamshika mkono mbele za watu, mtu mzima mimi. Alimpapasa yule paka tumboni, akatikisa kichwa, akaniomba radhi. Nilirudi nyumbani kwa miguu huku nalia, na sikujali nani ananitazama.

Amebaki mmoja, dume la kijivu. Nilijaribu kumweka ndani, akaniparura mkono na kutokea dirishani. Na panya hawajaisha. Jana mama mzee alipita tena na taarifa yake: leo anaweka dawa. Nilimwomba aache.

"Mahindi yakiliwa yote, watoto wa mwanangu wale nini, mwalimu?"

Usiku kucha nilitafuta njia, nikaona msaada uliobaki ni mmoja tu: paka yule awaogope watu. Na aanze na mimi.

Leo asubuhi nilisimama nyuma ya mashine na mawe mkononi. Nikarusha la kwanza, likaanguka karibu naye. Dagaa wake wote nilikuwa nikimrushia kutoka pale pale. Alilikimbilia lile jiwe, akalinusa, akaketi, akaniangalia akisubiri.