Mpaka Katikati ya Diski

Harufu ya kompyuta, kwangu mimi, ni vumbi linaloungua likichanganyika na vitunguu saumu. Watu wa rika langu wakisimulia kompyuta ya kwanza waliyoiona huzungumza kama waliotokewa na malaika: walivyoduwaa, dunia ilivyowafungukia. Mimi nakumbuka stoo ya shule ya sekondari ya kata, nje kidogo ya Dongobesh, ambako vitunguu vya shamba la shule vilianikwa juu ya magunia, na kwenye kona, chini ya kitambaa cheupe cha kufuma kama kile cha makochi ya sebuleni, ilikaa mashine ya rangi ya meno ya mvuta sigara. Jenereta iliwashwa saa nne asubuhi na kuzimwa saa nane mchana. Ikiwashwa, feni ya mashine ilikoroma, vumbi la kiangazi lililokuwa limelala ndani likapata moto, na harufu ile ikatufuata mimi na mama hadi nyumbani, kwenye nywele na kwenye shuka. Nilikuwa darasa la tano na nilikuwa nimevunjika mguu, kwa hiyo kiangazi kile nilishinda pale kutwa, mguu juu ya gunia, nikimtazama mama akichapa. Alikuwa karani wa shule, na katika kata nzima ndiye peke yake aliyejua kuitumia mashine hiyo. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Baba alikuwa amekufa, na shamba letu lilikuwa kwenye mteremko ambao hata mbuzi waliudharau.

Mkoa wetu ulikuwa mpya wakati ule. Tulikuwa tumekatwa kutoka Arusha na kuitwa Manyara, na kwa kuwa mkoa ulizaliwa kwa kukatwa, kila mwenye cheo aliamini kwamba kitu chochote kikikatwa vipande viwili kimeendelea. Katika hali hiyo alifika Daniel, mpwa wa mkuu wa shule, kijana aliyehudhuria semina ya siku tatu Babati na kurudi na viatu vya kuchongoka. Alileta diski zenye mfumo mwingine wa uendeshaji, wa bure. Alisema mfumo tuliokuwa nao ulikuwa wa wizi, kwamba serikali itatusaka, na kwamba shule zote zenye akili zimeshahama. Mkuu wa shule alitaka shule ihamie kesho yake. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Tluway, hakutaka kitu kinachofanya kazi kiondolewe kwa neno la kijana. Mama, ambaye ndiye angeitumia, hakuulizwa. Baada ya vikao viwili wakakubaliana kwamba mashine iwekewe mifumo yote miwili, kila mmoja na upande wake, na mtu achague anapowasha. Jambo hilo linawezekana na halina ubaya wowote. Ubaya ulianza Daniel alipotakiwa kulieleza kwa wazee, akasema: ni kama kugawa shamba.

Sijui kama aliwahi kujutia sentensi ile. Kwetu kugawa shamba si mfano wa kitu. Ni jambo lenye mashahidi, hatua zinazohesabiwa kwa sauti, mkonge unaopandwa mpakani, na maneno yanayokumbukwa hata walioyasema wakifa. Wazee saba wa bodi walikuja stoo wamejifunga mablanketi yao, wakasimama katikati ya vitunguu, wakataka kuuona mpaka. Daniel akawaonyesha mstari wa rangi kwenye kioo cha mashine, nusu bluu na nusu kijani. Wakauliza nani amepewa upande wa juu. Akajibu kwamba kwenye diski hakuna juu. Wakamtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mjinga, wakaamua kwamba mfumo wa zamani ulitangulia kufika, basi juu ni kwake. Mmoja akauliza kama kuna njia ya kupita kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Daniel akasema ndiyo, tena kwa fahari: ukiwa ndani ya mfumo mpya unaweza kufungua mafaili ya upande wa zamani bila shida. Mzee Tluway akasema kwamba pakiwa na njia patakuwa na ng'ombe wa jirani, na pakiwa na ng'ombe wa jirani patakuwa na kesi. Njia ikapigwa marufuku. Haikufungwa, kwa kuwa Daniel hakujua namna ya kuifunga. Ilipigwa marufuku tu, ikaandikwa kwenye muhtasari. Na kwa kuwa vijiji viwili vya kata vilizoea kunywesha mifugo kwa zamu kwenye lambo moja, mifumo nayo ikapangiwa zamu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa wa zamani, Jumanne na Alhamisi mpya. Watu wazima, mmoja wao mwalimu mwenye stashahada, walitia sahihi karatasi hiyo. Muhtasari aliuchapa mama.

Mashine ilikuwa imezeeka. Mfumo mpya uliichosha vibaya. Ulichukua muda wa kupika ugali mpaka kufunguka, na mama alikuwa akiuwasha kisha anatoka kwenda kugeuza vitunguu. Hata hivyo aliujifunza, bila semina, kwa kubonyeza na kutazama kilichotokea. Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, mwalimu wa hesabu alihitaji mtihani uliochapwa Jumatano. Mama akapita ile njia, akaufungua, akampa. Mwalimu akashukuru, na kwa furaha yake akasimulia jambo hilo mbele ya mkuu wa shule. Siku mbili baadaye mama aliitwa bodi akapewa onyo la maandishi: amevuka mpaka bila idhini ya waliouweka; akirudia, kazi hana. Nakumbuka alirudi nyumbani, akabandika maharage jikoni, akaniuliza kama mguu unawasha. Nilimkasirikia. Nilitaka awaambie kwamba wao ni wapumbavu. Nilidhani kuwa na haki kunatosha.

Kisha Jumanne moja akaja afisa elimu kutoka Mbulu na gari, bila taarifa, kuchukua orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne. Orodha ilikuwa imekamilika. Mama aliichapa Jumatatu, na kwa hiyo ilikuwa upande wa juu. Mkuu wa shule aliingia stoo akiwa amevaa koti la suti lililokuwa na chaki mgongoni, afisa nyuma yake, akamwagiza aitoe orodha. Mashine ilikuwa imeshawaka katika mfumo wa Jumanne, na kuiwasha upya kwa ule wa zamani kungekuwa kuvunja zamu. Njia ilikuwa pale pale kwenye kioo, alama ndogo ya kijivu. Mimi mwenyewe niliiona kutoka kwenye gunia langu.

Mama akasimama. "Shikamoo, mheshimiwa," alimwambia afisa, halafu akamgeukia mkuu. "Mwalimu, orodha iko ng'ambo. Niandikie kwamba nivuke."

"Nikuandikie nini? Si ubonyeze tu."

"Nibonyeze, kesho niitwe bodi. Mistari miwili tu, mwalimu, na sahihi yako. Kalamu hii hapa."

Hakuiandika. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho chuo kikuu hakikukiongezea hata nukta moja. Mkuu wa shule hakuuamini ule mpaka. Daniel hakuuamini. Lakini mkuu alimwogopa Mzee Tluway, na Mzee Tluway alikuwa Balangdalalu kutafuta madume ya kulimia, na hakuna aliyetaka jina lake liwe kwenye karatasi. Mkuu alimwomba mama kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akamtuma mtu amtafute mzee yeyote kati ya wale saba. Akapatikana mmoja, aliyesema mpaka uliowekwa na saba hauondolewi na mmoja, akaketi juu ya gunia kusubiri, kwa kuwa alipewa chai. Saa nane jenereta ikazimwa. Afisa akaondoka na vitunguu saumu nusu debe, bila orodha.

Jumatano mama aliitoa orodha kwa dakika tano, na mkuu akapanda basi dogo kuipeleka Mbulu mwenyewe. Hakuna mwanafunzi aliyekosa mtihani. Mchana Mzee Tluway alirudi, akasikiliza kila mtu, akatoa uamuzi wake akiwa amesimama mlangoni mwa stoo. "Mpaka umeulinda vizuri, Mama Neema," alisema. "Lakini mgeni ameondoka mikono mitupu, na ameondokea mezani kwako."

Mama akaachishwa kazi kwa kuidhalilisha shule mbele ya mgeni. Mkuu aliiandika barua kwa mkono, akaja nayo stoo Ijumaa, akasimama kidogo. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuichapa. Daniel alikuwa amerudi Babati. Mama akaipokea, akaisoma, akaketi, akaanza kuichapa. Aliposita nilidhani analia. Alikuwa anasahihisha. Mkuu alikuwa ameandika tarehe vibaya, amerudia neno moja mara mbili, na sentensi yake ya tatu haikuwa na mwisho. Mama aliimalizia. Nikamuuliza, mkuu alipotoka, kwa nini anawasaidia.

"Itakaa kwenye faili langu," akasema. "Atakayeisoma asije akadhani na kuandika pia sijui."

Siku hizi kompyuta yangu ina mifumo miwili, na navuka kutoka mmoja kwenda mwingine mara kumi kwa siku bila kumuuliza mzee yeyote. Wanafunzi wa zamani wa shule ile wana kundi la simu ambamo wanaisifu ile mashine na kuwaita wale wazee waanzilishi. Nilisoma kwa siku mbili nikajitoa. Wanaosema tumetoka mbali nawauliza, mbali na wapi? Tangu nimalize chuo nimefanya kazi katika ofisi mbili zenye vioo hadi sakafuni, na katika zote nimewaona watu wenye shahada za uzamili wakiikwepa kalamu kama mkuu wetu alivyoikwepa. Nami nimeshaandikiwa barua kama ile mara mbili, kwa sababu ya kuuliza maswali, kutoka kwenye mashine zinazosahihisha tahajia zenyewe. Barua zote mbili zilikuwa na makosa. Nilitia sahihi ya kupokea, makosa yao nikawaachia.