Gurudumu la Mwezi Lenye Jina la Jeanne

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Baba Stanislas ni kwamba hakutazama magari yanayopita. Alitazama alama ambazo matairi yake yaliacha mavumbini. Ni fundi wa baiskeli, jirani yangu hapa mtaani Makomeno. Tangu aone gazetini picha ya gari la Wamarekani mwezini, mwaka jana, anabuni gurudumu lake mwenyewe la kule.

"Kule hakuna hewa," alinieleza. "Mupira utakauka na baridi, utapasuka. Na muchanga iko laini sana. Gurudumu ngumu itazama."

Kwa hiyo alilisuka lote kwa nyaya za chuma, akatia ndani springi za godoro, ili likilemewa libonyee na kukanyaga mchanga kwa upana. Mkewe, Jeanne, alishika nyaya huku yeye akizikaza. Marehemu baba wa Stanislas aliendesha treni, na wanaume wa reli walizipa injini zao majina. Naye Stanislas akafuata desturi hiyo: alisuka JEANNE kwa waya wa shaba. Waya huo ndio unaofunga msuko mzima.

Juma lililopita mimi na yeye tulilipeleka kwenye kamati ya maonyesho ya ufundi ya mtaa wetu. Mkubwa wa kamati alilizungusha, akalisifu, kisha akasoma jina.

"Hii ni jina ya bazungu. Serikali ilikataza majina ya vile. Toa."

"Ni gurudumu, Zéphirin. Haikubatizwa."

"Usiniite vile. Sasa niko sitoyeni Chomba, mwananchi wa kweli."

"Tangu lini? Noeli yenye ilipita ulikuwa Zéphirin, unakunywa pombe kwangu."

Watu walicheka. Mkubwa hakucheka.

"Toa jina, ao rudisha kwako."

"Nikitoa, yote itafunguka."

"Basi rudisha."

Nimezisikiliza hotuba zote za kurudia asili yetu, na nimezipigia makofi kwa moyo. Lakini ni asili gani hii inayomfukuza mtu aliyebuni kitu kwa akili yake, kwa sababu tu alimheshimu mke wake? Ninaandika haya hasira ikiwa bado haijapoa.

Baba Stanislas amelifunga gurudumu kwenye toroli lake, mahali pa gurudumu la zamani. Jumapili, baada ya misa, atalisukuma mbele ya watu wote kwenye mchanga mweusi ulio chini ya kilima cha masalio ya tanuri la shaba, unaomeza miguu hadi vifundoni. Jeanne mwenyewe atakuwa mzigo.

"Nikizama," amemwambia mumewe, "utanibeba ku mugongo mpaka kwetu."

Mtaa mzima unasubiri. Wengine wameshauliza misa itaisha saa ngapi.