Jisu la Kukunja la Mume Wangu

Miaka ya hamsini, duka moja la Msambweni lilipoleta majisu mapya ya kukunja, mume wangu, mkwezi wa minazi, alikuwa wa kwanza kununua. Likikunjuliwa lilitoka kiganjani likafika kiwikoni. Wiki nzima sikusikia jingine nyumbani: kuchomeka panga kiunoni ni ushamba, hili linalala mfukoni wala halimkati mtu.

Siku ya kuangua nazi akapanda nalo. Kileleni ndipo alipojua kwamba jisu lile gumu linataka mikono miwili kulikunjua, na wake mmoja umeukumbatia mnazi. Akajaribu kwa meno. Akashuka, akalikunjua, akalichomeka kiunoni likiwa wazi, akapanda tena.

Nilisimama chini ya mnazi nikikitazama kiuno chake. Akanipigia kelele kutoka juu: “Lakini panga halikunjiki!”