Mito ya Mama na Shingo Yangu

Mimi si mtu wa kuinamisha kichwa, muulize yeyote aliyekua nami mtaani Makina. Ila mwaka ule koroboi ilipinduka, mafuta ya taa yakashika leso yangu, nikaungua kuanzia kidevuni hadi kifuani.

Hospitalini homa ilinipanda, vidonda vikatunga usaha, hata uji ukawa haushuki. Mama alishaanza kuulizia sanda. Homa iliposhuka nikadhani yamekwisha. Yamekwisha wapi! Sista wa wodi akanieleza kuwa kidonda cha moto kikipona ngozi hujikunja, na nisipoangalia kidevu kitashikana na kifua, nitembee maisha yangu yote nikitazama vidole vyangu vya miguu. Nilale chali bila mto, blanketi lililokunjwa chini ya mabega, kichwa kining'inie nyuma. Maumivu yake, wacha tu.

Sasa mama yangu alikuwa fundi wa kutarizi foronya, na kwake anayelazwa bila mto ni maiti. Kila saa ya kuona wagonjwa alificha mto kikapuni, chini ya chakula, akanisukumia kichwani sista akigeuka. Sista akiuondoa, kesho unakuja mwingine wenye maua mekundu zaidi. Na mimi niliupenda, kwa sababu maumivu yalikoma papo hapo.

Asubuhi moja nilitaka kunywa maji, kichwa kikagoma kurudi nyuma. Niliogopa kuliko siku ya moto wenyewe. Mama alipofika na kikapu chake nikamwambia, "Mama, kama unanipenda, rudi nao nyumbani."

Alinuna, akalia, akasema nimekuwa Mzungu. Halafu akavuta kigoda nyuma ya kitanda, akakipokea kichwa changu kwa viganja vyake, akakishusha polepole huku anasoma dua. Nilimtukana kwa uchungu, Mungu anisamehe. Hakuniachia. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa hiyo.

Siku ya kufunguliwa bendeji daktari aliniambia nitazame juu. Mama akaziba macho. Ngozi ilivuta, ikauma, ikakubali, nikaliona dari lote mpaka pembeni. Nikamwambia sista, aliyezoea kutugombeza sote kwa kuangusha makombo ya mkate wodini, kwamba dari lake limejaa utando wa buibui. Alicheka mpaka akashika kitanda. Mama akapiga kigelegele, na wanawake wa wodi nzima, hata wasioweza kuinuka, wakamwitikia.