Kuku Aliyevunjwa Mguu Pamoja Nami

Jumanne, mwezi wa Juni, mwaka wa pili tangu vita. Ukungu umepanda kutoka bondeni mpaka umefunika paa la jiko, na upepo wa kusi unauma masikio.

Hivyo ndivyo nilivyoandika katika daftari langu. Tarehe sikuiandika, na leo nikiitaja nitakuwa nadanganya. Ninachokumbuka bila shaka ni furaha. Kesho yake nilikuwa nakwenda kuvunjwa mguu, na nilishindwa kutulia hata kidogo.

Nianze nyuma, maana nilisoma kidogo tu misheni ya Masasi na huwa naanza mambo katikati. Vita vilipofika Masasi tulikimbilia juu, Newala. Kwenye mteremko niliteleza, nikavunja mfupa wa mguu wa kushoto, chini ya goti. Baba aliufunga kwa gome la mti, akanibeba mgongoni, tukaendelea. Wapo waliosema baba ndiye aliyeuharibu. Si haki. Alikuwa na gome moja na watoto wanne wa kuwatoa hatarini. Wala siwezi kusema wapiganaji walinivunja. Nilianguka mwenyewe, nao walikuwa na sababu zao za kupigana na Wadachi, Wajerumani waliotutawala. Basi mfupa ukaunga, lakini ukaunga umepinda.

Nikaolewa hivyo hivyo, hapo hapo Newala. Sasa Newala, mke ni maji. Kule juu hakuna kisima. Kiangazi wanawake wanashuka bondeni alfajiri na kurudi jua likiwa utosini, mtungi juu ya ngata. Mimi mteremko ule sikuuweza. Aliyenichotea ni wifi yangu, dada wa mume wangu, na alinichotea kwa moyo mzuri na mdomo mbaya.

"Bibi harusi, maji yako ya kuoga haya hapa. Yana joto la kutosha, au niyarudishe bondeni yakapate jua?"

Siku nyingi nilicheka. Siku nyingine niligeukia ukuta. Sikutaka kingine duniani: nishuke bondeni kwa miguu yangu, nipande na mtungi wangu.

Misheni niliambiwa kuna daktari pwani, anakunusisha dawa unalala, unaamka mguu umeshanyooshwa. Naamini ni kweli, wala sisemi hafai. Lakini kufika pwani ni kubebwa kwa machela siku nyingi, na wabebaji wanakula, na mume wangu hakuwa na cha kuwalisha.

Ndipo tukamwita muunga mifupa, bibi mmoja wa Kimakua aliyekaa kijiji cha pili. Aliupapasa mguu wangu huku amefumba macho.

"Shikamoo, bibi," nilisema, kwa kuchelewa.

"Marahaba. Aliyekufunga nani?"

"Baba yangu."

"Mkono wake mzuri. Aliharakishwa tu."

Kwa neno hilo nilimpenda.

Akasema atauvunja tena aunyooshe, kisha akataja gharama yake: jembe jipya moja, doti moja ya kaniki, kuku mmoja, na mitungi ishirini ya maji. "Kumi na tisa watachota wenzako. Wa ishirini utaniletea wewe, kichwani pako, kutoka bondeni. Usipouleta sijakutibu, na jembe lenu nitalirudisha."

Jembe mume wangu alilipata kwa kubeba mizigo ya Wadachi, na alilitoa bila kuguna. Naliandika hili kwa sababu daftari lile lile lina mabaya yake kadhaa.

Siku saba nilikandwa kwa mafuta ya nyonyo ya moto. Walichimba mfereji mdogo kwenye sakafu ya chumba, wa kulaza mguu usigeuke. Nikazoezwa hata kujisaidia nikiwa nimelala, na wifi akatangaza kwa majirani kwamba anafundisha mtoto mchanga mwenye meno thelathini.

Siku yenyewe bibi alianza na kuku. Ndiyo desturi yao: kuku anavunjwa mguu ule ule, anafungwa vibanzi vile vile vya mianzi, analazwa chumba kimoja na mgonjwa. Anavyopona yeye ndivyo unavyopona wewe. Kuku wangu alikuwa tetea mwenye madoa meupe shingoni. Alilia mara moja tu, nikaona aibu kulia zaidi yake.

Wifi alinishika mabega kwa nyuma. "Ukinipiga teke," alisema, "maji ujichotee." Nilikuwa nacheka bado bibi alipoweka goti lake. Sauti ilikuwa ndogo, kama kopa la muhogo mkavu linapovunjwa. Sijui nilipiga kelele namna gani. Wifi anasema nilimtukana. Kama ni kweli, aliyasikia peke yake.

"Kuku akikanyaga," bibi alisema akifunga fundo la mwisho, "niiteni kwanza." Sote tulisikia.

Siku zile nilikuwa namwamkia kuku kabla ya kuwaamkia watu. Tenga lake lilikuwa karibu na kichwa changu. Akila, nilikula. Akisinzia, niliogopa.

Asubuhi ya siku ya ishirini na mbili, mama mkwe wangu alimtoa tengani amlishe mtama. Kuku akasimama. Akakanyaga mguu uliofungwa, hatua moja, mbili, tatu.

"Kakanyaga!" Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakajaa uani. Akamkata kamba, vibanzi vikaanguka, na kuku akakimbia moja kwa moja chini ya ghala. Tuliona kwa macho yetu. Hakuna aliyelitaja neno "niiteni", na mimi nisijitoe: nililikumbuka, nikalinyamazia. Nilianza kufungua kamba zangu mwenyewe. Nikashika mwimo wa mlango, nikasimama.

Wifi alikuwa ndiyo anaingia uani kutoka bondeni, mtungi kichwani. Aliniona. Akauachia mtungi wote, maji ya nusu siku, ukapasuka mchangani.

"Kaa chini! Kuku huyo siye!"

Maumivu yalikuwa yameshanipanda mpaka kwenye meno. Nikakaa.

Kumbe siku ya tisa kicheche alimbeba kuku wangu, pamoja na vibanzi vyake, wifi alipomtoa nje kusafisha tenga. Akatafuta tetea mwingine wa madoa kwa shangazi yake, akamfunga mguu mzima ambao haukuwahi kuvunjika.

"Ningekuambiaje?" Alikuwa analia sasa, yeye mwenye mdomo. "Ulikuwa unamtazama kuku kama anayetazama mvua."

Muunga mifupa alikuja mchana. Alipapasa kwa muda mrefu, macho amefumba. Nilikuwa namtazama mdomo.

"Mfupa haujaachia," alisema. "Una bahati, au nimefunga vizuri. Nadhani nimefunga vizuri." Halafu akaviokota vile vibanzi vya kuku. "Nani kamfunga huyu?"

"Mimi, bibi," alisema wifi.

"Mwongo mkubwa wewe. Lakini mkono unao."

Akanifunga upya. Safari hii hapakuwa na kuku; aliniambia ningoje mpaka mbaazi zianikwe. Nilingoja. Kama desturi ile ni ya kweli, mwenzangu aliliwa na mimi nikapona. Kama si ya kweli, mbona nilikula vizuri siku zile zote kwa ajili yake? Mimi si mtu wa kuamua.

Mbaazi zilipoanikwa nilianza na fimbo kuzunguka nyumba, kisha mpaka ukingo wa mteremko, kisha nusu ya njia. Mguu haukunyooka kabisa; umebaki mfupi kwa upana wa kidole gumba. Lakini unakanyaga chini wote. Siku niliyofika kwenye maji nilinawa uso mara tatu bila sababu. Wanawake wa foleni walinipisha, wifi akawakemea: "Msimpishe! Amengoja foleni hii tangu vita, acheni aifaidi."

Nikapanda nao. Nilipumzika mara tano. Wifi anadai saba. Sikumpa mtungi.

Niliutua mtungi wa ishirini mlangoni pa bibi, nikamwambia kweli kwamba umepungua kiganja kimoja. Alichovya kata, akanywa.

"Hicho ni cha njia," alisema. "Jembe nabaki nalo." Nikamwuliza na yule kuku wa pili tumfanye nini, kwa kuwa kuku wa tiba haliwi na wenyewe. Alicheka mpaka akakaa. "Huyo kaunga nini? Huyo ni mboga."

Jioni ile tulimla, kwa mchuzi wa karanga na ugali wa mtama. Paja la kushoto walinipa mimi.